Kaseti Namba Saba

Nianze kwa kukiri mwenyewe, maana mkiisikia kwa dada yangu Minza mtaisikia vibaya zaidi: siku niliyotimiza miaka sitini nilipiga magoti mbele ya mkwe wangu, kiatu kimoja mguuni, suruali imepasuka kwa nyuma kuanzia kwenye mkanda mpaka karibu na goti, huku marehemu mama yangu akiongea kwenye spika. Chekeni tu. Niliwaalika watu mwenyewe waje kutazama.

Mnanijua nilivyo. Mimi ni katika wale watu wazima wasiokuwa na kazi nyingine ila kusema zamani ilikuwa raha, zamani watu walivaa, zamani watu walicheza, utadhani hiyo zamani yenyewe hatukulala njaa ndani yake. Nyumbani kwangu Buswelu nina chumba kizima ambacho mke wangu, Mama Shija, anakiita jalala na mimi nakiita makumbusho (tofauti ni nani ameshika ufunguo), na humo nina taa tatu za chemli ambazo haziwaki, pasi ya mkaa, simu ya mezani ya kuzungusha kwa kidole ambayo tangu niinunue haijaunganishwa na chochote, redio kaseti kubwa ya spika mbili, na kaseti arobaini na mbili ambazo nimezibandika karatasi mpya na kuziandika namba kwa mkono wangu. Mtu akija na wimbo kwenye simu yake namtazama kuanzia chini mpaka juu. "Huo ni muziki au mashine ya kusaga?" Hivyo ndivyo nilivyokuwa nawaambia watoto wa watu sebuleni kwangu, tena nikiwa nimekunja nne.

Sasa, watoto wangu walitaka kunifanyia kitu kidogo Jumapili baada ya ibada, wali, sato wa kukaanga, soda, kila mtu ashibe aende kwake. Mimi nikakataa. Nikasema kama ni sherehe yangu basi iwe Siku ya Zilipendwa, kila mgeni aje amevaa nguo za enzi zile, muziki utoke kwenye kaseti halisi na si kwenye flashi, na simu zote zikusanywe mlangoni kwenye beseni. Mama Shija akaniuliza, "Baba Shija, na wakwe nao utawanyang'anya simu?" Nikamjibu kwamba hasa hao. Wakwe wenyewe ni Mzee Bujiku na mkewe kutoka Magu, wazazi wa mume wa binti yetu, watu wa kanisa, watu wa kupima maneno, na kwetu Usukumani mkwe si mtu wa kumwonyesha hata soksi iliyotoboka.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo, la sivyo hamtaelewa kilichonikuta.

Nilipokuwa chuoni Morogoro, mama yangu hakujua kuandika, basi akanitumia barua ya kaseti, kama watu wengi walivyofanya wakati ule. Aliazima redio ya jirani, akaanika betri juani zipate nguvu, akamweka Minza, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, abonyeze vitufe, akaongea upande mzima (kwa Kiswahili, maana aliamini ile mashine haijui Kisukuma). Karibu na mwisho akamtuma Minza maji, ili aseme jambo ambalo Minza hakutakiwa kulisikia. Minza aliporudi na ndoo mama alikuwa anamalizia. Kabla ya kuipeleka kaseti kwenye basi, Minza akavivunja kwa meno vile vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti, maana vikishavunjwa redio inakataa kurekodi juu yake. Mtoto wa darasa la tano alikuwa na akili hiyo.

Kaka yake wa chuo hakuwa nayo. Niliisikiliza ile kaseti mara moja, tena huku nanyoosha shati, nikaiweka. Jumamosi moja redio ikaanza kupiga muziki wa dansi niliokuwa nausubiri wiki nzima, sina kaseti tupu, nikachukua ile ya mama, nikakunja vipande vya karatasi nikavishindilia pale palipovunjwa vijino (kila mtu alijua huo ujanja) nikabonyeza kitufe chekundu. Nilijiambia ni wimbo mmoja tu, nikaja kufuta karibu upande mzima.

Mwaka uliofuata mama akafariki. Baada ya matanga ukoo wakaiulizia ile kaseti, watu wanataka kusikia sauti yake, na mimi, msomi, nikasema nilishamrudishia Minza, labda ameazimisha wenzake. Baba mdogo akamchapa. Nilikuwepo, nimesimama mlangoni, nikanyamaza. Na tangu hapo kila ukoo ukikutana lazima nimtanie kwamba Minza ukimpa kitu andika umekipoteza, na watu wanacheka, na yeye kila mara anauliza lile lile: "Lakini kaka, wewe ulimsikiliza. Alisema nini nilipoenda kuchota maji?" Namjibu nimesahau. Hilo peke yake ndilo lilikuwa kweli.

Ile kaseti niliamini ilitupwa tulipohamia Buswelu. Kumbe niliibandika karatasi, nikaiandika namba saba.

Jumapili ikafika. Nilivaa bugaluu yangu ya rangi ya maziwa, ile ya miguu mipana ya kufagia barabara, iliyokuwa kwenye sanduku la bati tangu ujana wangu, na kwa kuwa zipu ilikataa katakata kukutana na tumbo langu nikaifunga kwa pini mbili na mkanda, shati nikalitoa nje kuficha aibu. Chini nikavaa raizoni, viatu vya soli nene kama tofali. Mama Shija akanitazama akasema, "Hivyo viatu gundi yake imekufa kabla yako." Nikamwambia vitu vya zamani havifi. (Nikikumbuka sauti niliyosemea maneno hayo natamani kujizaba kibao.)

Wageni walikuja kama arobaini hivi, wamekaa chini ya turubai uwanjani. Wengi walikuwa wamevaa nguo zao za kila siku, kwa hiyo nikawadharau kimoyomoyo. Mzee Bujiku alivaa suti yake ya kanisani. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yakishuka taratibu mpaka kwenye miguu yangu yakabaki huko. Nilipitisha beseni mwenyewe. Minza, ambaye anakaa Buzuruga na alikuja na kitenge chake na mkoba wake, akatoa simu ya vitufe yenye kioo kilichopasuka akaiweka kwenye beseni kwa adabu zote. Sikujiuliza dada yangu anayetuma picha kwenye grupu la ukoo kutwa mara tatu anazituma kwa simu gani.

Baada ya chakula nikasimama kuhutubia. Nikawaambia kizazi hiki hakijui kutunza kitu, mnapiga picha elfu moja hamna hata moja ya kushika mkononi, sisi tulikuwa na kaseti moja na tuliitunza kama mboni ya jicho. Nikaongeza, maana shetani alikuwa amekaa karibu, "Isipokuwa Minza." Watu wakacheka. Minza akatabasamu tu, mkoba mapajani.

Nikachukua kaseti iliyokuwa ya juu kwenye rundo. Namba saba. Nikaitia, ukanda wake ukiwa karibu na mwisho kama ulivyoachwa miaka yote, kwenye redio tuliyoiunganisha na spika za kukodi, nikabonyeza, likatoka dansi lenyewe, magitaa yanaitikiana, tarumbeta juu. Jamani, nilicheza. Nilizungusha nyonga za miaka sitini, nikaenda mbele nikarudi nyuma, soli zinalia kwenye saruji, mpaka Mama Bujiku akatabasamu kidogo, na hapo nikaona dunia yote iko upande wangu. Wimbo ukaisha. Nikainama kupokea makofi.

Kwenye spika ikasikika kwaa ya kitufe, kisha jogoo akawika.

Watu wakadhani ni sehemu ya burudani. Mimi nilikuwa bado nimeinama, na nilijua kabla hajafungua mdomo, kwa sababu jogoo yule nilimla mimi Krismasi ya mwaka ule.

"Mabula, ng'wanawane," mama akasema.

Mwanangu. Wazee wa ukoo wakasimama, shangazi akajishika mdomo.

"Mengine nimeshayasema huko nyuma, usikilize vizuri. Minza nimemtuma maji. Sasa nikwambie habari yake huyu mdogo wako."

Sikufikiria chochote cha maana. Nilifikiria karatasi zile mbili zilizoshindiliwa mgongoni mwa kaseti, na kwamba ni lazima izimwe kabla hajatokea mtu wa kuuliza. Nikaruka. Raizoni ya kulia ikabaki pale pale ilipokuwa, yaani soli ilibaki na mimi nikaondoka na kile cha juu, nikaanguka kwa magoti mawili miguuni pa Mzee Bujiku, pini zikafunguka, na bugaluu ikapasuka kwa mlio ambao wa nyuma kabisa waliusikia. Mama Bujiku akageuza uso akatazama ukuta. Mzee Bujiku akavua koti lake la suti, akanifunika nalo kwa nyuma, na nawaambia, ni afadhali angenipiga.

Mtu mwenye akili angebaki chini. Mimi nikatambaa kwenda kwenye redio huku napayuka, "Zima! Zima hiyo! Zimeni!" na mkwe wangu kijana, mume wa binti yangu, akawa anahangaika na vitufe ambavyo hajawahi kuviona maishani, basi nikafungua kifuniko mwenyewe nikaing'oa kaseti ikiwa bado inazunguka. Ukanda ukatoka nayo mrefu kama utumbo wa kuku, ukajikunja, ukakatika. Mama akanyamaza.

Minza alikuja taratibu. Akaichukua kaseti mkononi mwangu, akaigeuza, akavitoa vile vipande vya karatasi kwa ukucha, kimoja, cha pili, akaviweka kwenye kiganja changu.

"Hapa nilivunja mimi," akasema. "Kwa meno."

Nikasema, "Minza…"

"Nilichapwa, kaka."

Hakuinua sauti. Shangazi akaniuliza kwa nini nilimsingizia mtoto, na mimi, kwa koti la mkwe kiunoni, nikajibu kwamba nilitaka wimbo. Ndilo jibu nililokuwa nalo. Wakwe waliaga kwa heshima dakika chache baadaye, na koti mpaka leo Mzee Bujiku hajalitaka.

Fundi mmoja wa redio pale Buzuruga alijaribu kuunganisha ule ukanda. Pale ulipojikunja panatoa mikwaruzo mitupu. Baada ya mikwaruzo mama anasikika anasema, "Huyo anakuja na ndoo, basi, kwaheri mwanangu," halafu jogoo tena. Habari yenyewe ya Minza ndiyo iliyokatikia mikononi mwangu.

Kilichobaki ni video. Ndiyo, Minza alikuwa na simu yake ya pili ndani ya mkoba, akanirekodi tangu niliposimama kuhutubia, kwa nia ya kunicheka kwenye grupu, na ninamshukuru Mungu kwa ukaidi wake, maana maneno yale ya mama sasa hayapo popote pengine duniani ila kwenye ile simu niliyoipiga marufuku. Nikitaka kuyasikia ni lazima kwanza nijitazame nimevaa bugaluu, nanengua, nahutubia watu habari za kutunza vitu.

Chumba nimekifungua. Chemli wamechukua wanaozitaka, simu ya mezani wanaichezea kuku, kaseti nyingine zote nimempa Minza azisikilize moja moja, kama kuna nyingine nimemfukia mtu ndani yake. Na mkinisikia tena nikisema zamani ilikuwa raha, nizabeni nyinyi, mmeruhusiwa.

Wiki iliyopita nilikwenda kwake Buzuruga kumwomba radhi sawasawa. Nilikuwa nimejiandaa, nina maneno mazuri, marefu. Nilimkuta uani amekaa kwenye kigoda, simu sikioni, macho ameyafumba. Nikaanza, "Minza mdogo wangu, mimi kaka yako…" Akaninyooshea kiganja bila kufumbua macho.

"Nyamaza, kaka. Nataka nisikie mama anasema nini juu yangu."

Nikanyamaza. Lakini pale sikioni mwake, mama alipofika kwenye jina la Minza, nikajisikia mwenyewe napayuka juu ya sauti yake: zima, zima hiyo, zimeni. Minza akairudisha nyuma, akaanza tena.