Stima Mgongoni

Mguu wangu wa kushoto ulianza kunidanganya mwaka wa pili wa ndoa yangu. Nilikuwa naoga nyuma ya nyumba, karai la maji ya kisima mbele yangu. Nikautia mguu, nikautoa mbio, maana maji yalikuwa yanachoma. Nikatia mkono: baridi. Mguu wa kulia: baridi. Nikarudisha ule wa kushoto, moto tena, moto wa uji uliotoka jikoni. Nikacheka peke yangu. Binti yangu alikuwa bado ananyonya, nikajiambia ni uchovu wa uzazi.

Baada ya hapo vikaja vingine, kimoja nyuma ya kingine. Vidole vilikufa ganzi nusunusu, nikishika sindano nahisi nimevaa soksi mikononi. Kifua kilibanwa na mshipi ambao haupo. Nilikuwa nafungua vifungo vya gauni ili unilegee, wapi. Usoni upande mmoja palitembea siafu, nikawapangusa mpaka ngozi ikachubuka. Na kubwa lao lilikuwa stima. Nikiinamisha shingo tu, kidevu kikikaribia kifua, kitu kilishuka kutoka kisogoni hadi nyayoni, kikanitikisa mzimamzima. Najua ninachosema. Nikiwa msichana niliwahi kupigwa na stima kwenye kinu cha kusagia unga upande wa Kenya, nikarushwa juu ya magunia. Ilikuwa ileile.

Leo nalijua jina lake. Miaka mingi baadaye daktari mmoja wa Nairobi alinichorea kwenye karatasi: neva ni kama nyaya, na mwili wangu mwenyewe unazichuna ganda. Ugonjwa huo unaitwa multiple sclerosis. Nilimwuliza kama stima ni kweli au nimejitungia. Akasema ni kweli, hata vitabuni imo. Nikalia mbele ya yule daktari wa watu mpaka akamwita muuguzi. Alidhani naulilia ugonjwa.

Sikuwa naulilia ugonjwa. Nilikuwa nakumbuka Bulumbi.

Mimi ni mzaliwa wa Busia ya Kenya, mtoto wa mjini, niliyekulia kwenye kelele za malori na mizigo. Nikaolewa ng'ambo, Uganda, na mwalimu wa shule ya msingi, kwenye boma la mama yake huko Bulumbi. Wakati huo askari ndio walikuwa serikali. Sabuni na chumvi zilikuwa hadithi, na watu walijifunza kuongea wakitazama mlangoni. Lakini ndani ya boma, serikali ilikuwa mama mkwe wangu. Mama yule alikuwa mwembamba, mkavu, na akikutazama unakagua nguo zako mwenyewe kama zimechanika.

Kwao mke hamsalimii mkubwa akiwa amesimama. Asubuhi unakwenda mlangoni kwa mama mkwe, unapiga magoti chini, unainamisha kichwa, unaanza salamu. Umelalaje, nimelala, wa kwako wamelalaje, wamelala, ng'ombe je. Salamu ile haina haraka, na kichwa hakinyanyuki mpaka iishe. Kwetu upande wa pili tunatoa mkono, tunakunja magoti kidogo, basi, kila mtu na kazi yake. Lakini mwaka wa kwanza nilijitahidi. Nilipiga magoti vizuri mpaka wakanisifu.

Kisha stima ikaja, nikaacha. Siku ya kwanza nilipiga yowe katikati ya salamu nikaruka juu. Siku ya pili nilipiga magoti kichwa kikiwa juu, macho kwa macho na mama mkwe, na hilo likawa tusi kubwa kuliko kutopiga kabisa. Mwishowe nikawa nasalimia nimesimama, nimeshika nguzo ya mlango. Wakalipatia jibu mara moja: Mkenya amechoka kujifanya. Ameshazaa, sasa anatuonyesha rangi yake.

Nilieleza, jamani nilieleza. Nilimwambia mama nina stima mgongoni. Akaniuliza stima gani, nasi hata taa ya kandili hatuna mafuta ya kuiwashia? Mume wangu naye, mtu mpole, mpole wa kuudhi, akaniambia nipige tu magoti, kwani itanigharimu nini. Ningeweza kumrushia chungu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye tulilala kitanda kimoja.

Mwisho mama alitoa neno lake. Nitarudishwa kwa baba yangu ng'ambo ya mpaka, na mtoto atabaki, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo. Binti yangu alikuwa ametimiza miaka mitatu. Alikuwa hawezi kulala bila kushika sikio langu.

Kilichoniongezea siku ni kuungua. Nilikanyaga kaa la moto jikoni na mguu ule mwongo, nisijue mpaka niliposikia harufu. Kidonda kikawa kikubwa. Mume wangu akasema niende hospitali ya Tororo, na mama akasema atanisindikiza. Hakunificha sababu. Alitaka asikie kwa masikio yake kama nina ugonjwa au nina kiburi. Wakisema ni kiburi, kesho yake nafungasha.

Tulipanda lori la pamba lililokuwa likienda Tororo. Hospitalini madaktari wengi walikuwa wameshakimbia nchi. Tukampata msaidizi wa daktari, kijana aliyechoka, akafunga kidonda, akanigonga goti kwa ukingo wa kiganja, akaniambia nifumbe macho niguse pua. Nikagusa. Akamwambia mama kwamba sina ugonjwa, ni wasiwasi wa wanawake, akanipa vidonge vya maumivu vilivyofungwa kwenye karatasi ya daftari. Mama akaichukua ile karatasi, akaifunga kwenye pindo la gomesi yake, lile gauni refu la akina mama wa Uganda. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nahesabu nguo za mtoto kichwani, ipi nimwachie, ipi niondoke nayo niwe nainusa.

Kabla ya Busitema kulikuwa na kizuizi cha askari. Asubuhi hakikuwepo. Wakatuamuru tushuke wote, kama watu kumi na watano, tupige magoti juu ya lami, mikono nyuma, vichwa chini, wao wapekue lori kutafuta magendo. Ilikuwa saa nane mchana. Jua likiniwakia, kila kitu changu huzidi: siafu, mshipi, ganzi, vyote kwa pamoja. Nilipiga magoti. Ungefanya nini? Na mama, pembeni yangu, akanitupia jicho la chini kwa chini. Nililielewa jicho lile. Kumbe unaweza.

Nikainamisha kichwa. Stima ikapita. Nikakinyanyua.

Askari akaniambia niangalie chini. Nikainamisha tena, ikapita tena, mpaka vidole vya miguu vikajikunja, na kichwa kikapanda chenyewe, nikajikuta namtazama usoni. Wakati ule mtu hakuthubutu kumtazama askari usoni. Akaja, akaniuliza kwa Kiswahili chao cha kambini kama najifanya mkubwa. Kisha akaweka kiganja kisogoni mwangu, akasukuma.

Sijui nilipiga kelele gani. Najua nilianguka ubavu na miguu ikawa inarusha mateke yenyewe, kama si yangu. Nilisikia akisema huyu mwanamke anaficha kitu, apelekwe kwenye gari lao. Lile gari sote tulilijua. Aliyepanda hakurudi kusimulia viti vyake vikoje. Walio pembeni yangu wakajisogeza, wakaniacha peke yangu kwenye lami, nami siwalaumu, hata leo.

Ndipo nikamwona mama mkwe. Alikuja kwa magoti, hakusimama, alijiburuta kwenye lami ile ya moto mpaka miguuni pa yule askari, ambaye kwa umri angeweza kuwa mjukuu wake. Akainamisha kichwa mpaka kitambaa chake kikagusa buti. Kiswahili chake kilikuwa cha soko, cha kuuliza samaki, sikuwahi kumsikia akitumia maneno mengi hivyo.

"Afande, hapana chukua. Huyu mtoto yangu. Huyu wazimu. Kila siku iko hivi, nyumbani tunafunga yeye na kamba. Natoka hospitali na yeye, angalia, dawa hii."

Akafungua pindo la gomesi, akainua ile karatasi ya daftari. Askari akavitazama vidonge, akanitazama mimi na mate yangu kidevuni. Akacheka. Akamwuliza mwenzake kwa nini watu wanatembeza wazimu barabarani, akamsukuma mama kwa buti, si kwa nguvu, akatuambia tupotee.

Tukapanda lori, tukavuka Busitema. Mama alikuwa amekaa juu ya gunia tupu, magoti yamechubuka, damu imeshikana na nguo. Kisha akaweka mkono kisogoni mwangu, taratibu, kama anayegusa sufuria kujua kama limepoa. Akaniuliza kwa Kisamia:

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo, mama."

Hakuomba msamaha. Hakuwa mtu wa hivyo. Lakini jioni ile alimwambia mwanawe kwamba siendi popote, na asisikie mtu akinidai magoti.

Ningetamani niishie hapo, msomaji ufurahi. Sikuishia hapo. Ndani ya lori mlikuwa na watu wa Bulumbi, na kijijini kulikuwa na masikio ya serikali, hukujua ni ya jirani yupi. Mtu aliyemdanganya askari alikuwa na hesabu ya kujibu. Kwa hiyo neno lile lilibidi libaki kweli. Mama mwenyewe alilitangaza kisimani na kanisani: mke wa mwanangu ana wazimu, tumwombee. Nusu shari kuliko shari kamili, nilijiambia. Lakini nusu hiyo ndiyo niliyoila kila siku. Nilikuwa na cherehani barazani, wateja wakatoweka, nani ampe kichaa kitambaa chake? Watoto walimwimbia binti yangu njiani. Siku moja alikuja akaniuliza kama ni kweli usiku nafungwa kamba. Niliingia chumbani nikauma mto.

Nilimchukia mama kwa neno lile, na nilimpenda, mara nyingine vyote kwa siku moja. Hadharani aliniita mgonjwa wa kichwa. Nyumbani alikuwa anatangulia yeye kwenye karai langu la kuoga, anatia kiwiko chake majini, anasema, haya, ni ya uvuguvugu, oga. Alifanya hivyo kila jioni. Na aliponunua kitambaa cha gomesi kwa njia anazojua mwenyewe, aliniletea mimi nishone, akaivaa kanisani na mikunjo yangu mibaya ya vidole vilivyokufa ganzi, akakaa mstari wa mbele.

Alifariki askari wakiwa bado madarakani, kwa homa ya siku nne, bila dawa. Tulimvisha ile gomesi. Boma lilijaa, na wakwe wote walipita mmoja mmoja mbele ya jeneza. Zamu yangu ilipofika, mume wangu alinishika kiwiko na kuninong'oneza kwamba nisimame tu, watu wanajua hali yangu.

Nikautoa mkono wake. Nikapiga magoti chini. Nikainamisha kichwa, kidevu kwenye kifua, nikaanza salamu ile ndefu yote tangu mwanzo: umelalaje, mama. Stima ikapita. Ikapita tena. Sikunyanyua kichwa, nikangoja kila mahali ambapo yeye angejibu, mpaka nikafika kwenye ng'ombe.

Nyuma yangu nikasikia mwanamke akimwambia mwenzake, hebu tazama, hata kichaa leo amemwogopa Mungu.