Fukusi wa Cephas

Kwa miaka kumi na tisa Cephas alifuga fukusi, na sisi wa Kisegi tulimcheka miaka hiyo yote. Mwalimu mzima, amesoma chuo kikuu, anawajua wadudu mpaka ukoo wao, halafu anawalisha! Kwao Uriri watu walichanganya mahindi na majivu ili fukusi wafe. Yeye alieleza bila kuchoka kwamba wake si wa mahindi. Hawa hula gugumaji tu, lile lililofunga ziwa hadi mashua zikashindwa kutoka. Aliwalea kwenye mabeseni nyuma ya nyumba, akawatia majini, akangoja.

Mwaka wa kustaafu kwake, gugu la ghuba ndogo karibu na soko lilianza kugeuka kahawia. Fukusi walikuwa wameshika kazi. Cephas alifurahi kama aliyepata mtoto uzeeni. Alitueleza kwamba wakiachwa mwaka mmoja tu watasambaa wenyewe, ila masikio yetu yalikuwa sokoni.

Alipokwenda Homa Bay mjini kusaini karatasi za kustaafu, Pauline, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, alituita tumwandalie zawadi. Gugu ndilo adui yake, alisema, basi tumng'olee. Tuliingia majini tukiimba. Tulianza na lile la kahawia, maana lilikuwa limelegea na lilitoka upesi. Hata mimi nilivuta, tena kwa bidii ya mjinga.

Cephas alirudi saa tisa alasiri akakuta rundo limeanikwa juani, kuku wakidonoa.

"Mwalimu, ile imeoza tumemaliza," Pauline akamwambia. "Imebaki hii fresh tu."

Alilitazama lile rundo kwa muda. "Asanteni," akasema. "Mungu awabariki."

Watu walipoondoka nilimkuta amepiga magoti, akipasua bua moja moja. Ndipo akaniambia tulichofanya. Mabeseni yalikuwa matupu. Fukusi wote alikuwa ameshawatia kwenye gugu lile la kahawia. Majuto ni mjukuu, na wangu alizaliwa pale pale. Aliniomba nisimwambie Pauline kamwe, kwa sababu alitoa kwa moyo.

Tulimzika Cephas kwao Uriri mwezi wa Machi. Pauline alisimama akasimulia siku ile, jinsi mwalimu alivyokosa maneno kwa furaha. Huku Kisegi ghuba ilikuwa imefungwa tena, kijani kitupu, mashua zimelala ufukweni. Waombolezaji wakapiga makofi, nami nikapiga.