Mistari ya Débora kwenye Barabara ya Mununga

Débora alizaliwa Pweto, upande wa Kongo wa Ziwa Mweru. Alivuka mwaka 2017 kwa mtumbwi pamoja na dada yake mkubwa, Mathilde, na sasa wote wawili wanalima mihogo katika makazi ya wakimbizi ya Kenani, upande wa Zambia. Ana miaka arobaini na moja. Ni mtu wa kuhesabu. Kila asubuhi huhesabu vifaranga vyake, na kanisani huhesabu waliohudhuria ingawa hakuna aliyemtuma. Kwa hiyo mwaka jana, watu wa ofisi ya barabara walipotafuta mtu wa kuhesabu wapitaji na vyombo vya usafiri kwenye barabara ya Mununga kwa siku saba, jina lake lilitajwa kabla hajaomba.

Aliyemfundisha kazi ni Webby, mhandisi wa ofisi ya mkoa, mtu wa kitambi kidogo na subira nyingi. Alimpa kiti, kizibao cha rangi ya machungwa na fomu yenye safu sita: lori, basi, gari dogo, pikipiki, baiskeli, mtembea kwa miguu. Kila kinachopita mbele ya kiti kinapewa mstari mmoja, na mstari wa tano unaikata ile minne. Baadaye ofisini kila chombo hugeuzwa kuwa kipimo cha gari dogo, kwa sababu upana wa barabara hukadiriwa hivyo. Lori moja ni magari matatu. Baiskeli ni sehemu ya tano ya gari.

"Na mutu wa miguu?" Débora aliuliza.

"Kwa upana wa barabara, ziro, bamayo," Webby alijibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Lakini kwa ile njia ya pembeni, ya kinga, ni kusema baiskeli, na ya miguu, tunahesabu kila mutu muzima. Kinga na miguu pamoja bikifika mia tatu kwa siku, tunaweka njia kwa plan. Bisipofika, hapana."

Njia hiyo ya pembeni ndiyo iliyomfanya Débora aikubali kazi. Miaka miwili kabla, Mathilde alikuwa akisukuma baiskeli yenye gunia la mihogo ukingoni mwa lami, mahali ambapo lami inakatika na huna pa kukwepea, lori likamgonga. Mguu wa kulia uliunga vibaya. Tangu siku hiyo alikuwa hajakanyaga barabara ile. Alikuwa akienda sokoni kwa kijia cha mchanga katikati ya mashamba, safari inayoongezeka kwa saa nzima. Débora aliitaka njia ya pembeni kwa ajili ya dada yake, na alisema hivyo waziwazi. Nampenda kwa hilo, maana wengi wetu hujifanya tunataka barabara kwa ajili ya taifa.

Jumatatu, baiskeli na watembea kwa miguu pamoja walikuwa arobaini na mmoja. Jumanne walikuwa ishirini na sita. Jumatano, kumi na wanane. Webby alikuja alasiri, akafunua fomu moja moja.

"Bamayo, hii barabara haina batu," alisema bila ubaya. "Mie naandika kile fomu inasema."

Débora aliijua barabara ile kwa miaka, na haikuwa barabara ya watu kumi na wanane tu. Alipokuwa akirudi nyumbani alimkuta jirani yake Chouchou, muuza dagaa, akitokea mashambani na beseni kichwani.

"Ni weye njo unatusumbua," Chouchou alimwambia akicheka. "Tulikuona mbali, na ile jile ya machungwa na kaye ya kuandika mukononi. Tukasema, ni ba kontrole ya makaratasi. Batu bote banapita kwa mashamba."

"Lakini ulijua ni mie."

"Nilijua. Njo maana sikupita. Utanikamata, na Jumapili utasikia haya kunisalimia."

Hapo mambo yalikuwa wazi. Anayetoka makazini anatakiwa kuwa na karatasi ya ruhusa, na wengi huenda sokoni bila karatasi. Mtu aliyekaa kando ya barabara na kizibao na daftari ana maana moja tu kwao. Waliochora fomu, na nadhani waliichora wamekaa vizuri, waliweka safu ya kila kitu isipokuwa ya mtu anayemwona mhesabuji akageuza njia.

Angeweza kujaza mistari mwenyewe. Aliwajua wapitaji kwa majina, na kalamu ilikuwa mkononi mwake. Amekiri kwamba alitamani sana. Lakini mtu anayehesabu vifaranga kila asubuhi hawezi kuandika kifaranga ambacho hajakiona. Alhamisi alimweleza Webby yote. Webby alisema kizibao hakivuliwi, kwa sababu ya malori, na tena ni marufuku kuwaita watu waje kuhesabiwa. Anahesabiwa yule tu aliye kwenye safari yake. Kuwaeleza watu kazi ya kizibao ni ruhusa.

Jioni hiyo, kwenye mazoezi ya kwaya, aliwaeleza wenzake kazi ya kizibao. Waliitikia vizuri kabisa, sawa, sawa. Ijumaa walipita kumi na wanne.

Jumamosi ni siku ya soko. Saa moja na nusu asubuhi Mathilde alitokea kwenye lami, akichechemea, akisukuma baiskeli yenye gunia. Hakuna aliyemwomba. Nyuma yake, mbali kidogo, walisimama Chouchou na wengine, wakingoja waone kama atakamatwa. Webby alikuwa kando ya kiti.

"Huyu anakuja kuhesabiwa, ao anaenda kwa soko?" alimuuliza Débora.

Mathilde alimjibu mwenyewe.

"Naenda kuuzisha mihogo. Kama hauamini, unifwate, unununue."

Lori lilitokea upande wa Mununga. Mathilde alisimama, akashika usukani kwa mikono miwili, akafumba macho mpaka lilipopita. Débora aliogopa kuliko siku aliyovuka ziwa. Kisha Mathilde akaendelea, akapita mbele ya kiti bila kumsalimu mdogo wake. Hakuna aliyemzuia. Chouchou akafuata, na wale wengine nyuma yake.

Mpaka saa kumi na mbili jioni walikuwa mia tatu arobaini na mmoja. Webby alizifuta siku tano za kwanza, na kwenye nafasi ya sababu akaandika neno moja: woga. Wiki ilihesabiwa upya, ikavuka mia tatu kwa siku, na njia ya pembeni imeingia kwenye mpango. Lini itajengwa, sijui, na Webby hajui.

Lakini Jumamosi ile, akikusanya fomu, aliona mstari wa kwanza wa safu ya baiskeli umepinda vibaya. Akauliza ni nini.

"Ni yaya yangu, dada mukubwa," Débora alisema. "Umuhesabu muzima."