Siku Tuliyolaza Majani

Wiki iliyopita, kule mtaa wa Muhumba, niliona vijana wakipanda gazoni, yale majani mafupi ya bustani, mbele ya nyumba mpya. Redio ilikuwa inapiga kelele kando yao, nikajikuta nataka kuwanyamazisha.

Papa, baba yangu, alifanya kazi kwenye kampuni ya zamani iliyouza mbegu za majani na kutengeneza bustani za watu. Alasiri moja, nikiwa bado mdogo, alinipeleka kazini. Walikuwa wanashusha mikeka ya majani mabichi kutoka kwenye kamyoneti, ikinuka mvua na udongo, akaniambia: "Leo tunalaza majani."

Nyumbani kwetu aliyelazwa usingizi alikuwa mtoto mchanga, na hapo wote tulinyamaza. Basi kila fundi aliyecheka nilimwonyesha kidole mdomoni. "Majani inalala."

Patron, bosi wao, akafika akifoka, kama kawaida yake. Naye nikamwambia hivyohivyo. Mafundi wakainama kwa hofu. Papa akavua kofia, akanong'ona: "Patron, mutoto iko na raison, anasema kweli. Tuseme polepole."

Patron alinitazama, akayatazama majani, kisha akaendelea kufoka kwa sauti ya chini.

Leo najua majani hayasikii. Papa alilijua siku ileile, na alinong'ona mpaka jioni.