Debe la Fundi Viatu

Mtaani kwetu Kijenge, debe likigongwa mara tatu ujue mgambo wa manispaa wanakuja. Anayeligonga ni fundi viatu wa pale kona, maana anaiona barabara yote, na kazi hiyo alipewa na mwenyekiti wa mtaa mwenyewe. Soko huria lilishaingia, kila mtu anauza chake: mimi mitumba, jirani maandazi, mama yangu mbege, pombe ya ndizi. Debe likilia, masinia yanaingia chini ya vitanda na pipa la mbege linafunikwa khanga kama mtu aliyelala. Mimi nawaambia wateja, "Ongeeni taratibu, bibi amelala."

Halafu kipindupindu kikaja. Bwana afya akaingia na mgambo kabla hata debe halijalia, wakamwaga pombe mtaroni, wakapiga vibanda kufuli. Tangu siku hiyo Kijenge hakuumwa mtu. Yaani hakuna aliyesema. Watu walikuwa na malaria, ila malaria yenyewe ilikuwa inawapeleka chooni mbio.

Asubuhi moja mama aliamka ameshikilia ukuta. Jua lilipopanda, macho yake yalikuwa yameingia ndani, na kinachomtoka ni maji meupe kama ya kuoshea mchele. Nikamwambia leo amependeza, amekuwa mwembamba kama mtoto wa shule. Hakunitukana. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana mama hajawahi kuniacha bila tusi. Alisema kwa sauti iliyokauka nisimwambie mtu, wakijua watafunga nyumba.

Debe likalia mara tatu.

Nikachungulia dirishani. Mgambo sikuwaona. Ni nesi wa zahanati, peke yake, na begi na ndoo ya dawa ya maji. Akabisha mlango wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Mtaa mzima ulikuwa umejifungia na wagonjwa wake. Alipobisha kwetu nilishika komeo, mama akanikamata suruali. Mkono wake ulikuwa wa baridi kama samaki. Nilipofanikiwa kujitoa, nesi alishavuka kona.

Nikatokea uani mpaka kwa mwenyekiti, yeye amwite nesi. Naye alikuwa amejifungia.

"Nani?"

"Mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Debe hukulisikia?"

"Nimelisikia. Hata mama amelisikia, ila yeye hawezi kukimbia. Anaharisha maji matupu."

Mlango ukafunguka kidogo. Alisema akimwita nesi, kesho mgambo wako hapa, na watu watasema amewauza. Niliona anaogopa kama mimi tu, tena yeye ana mvi.

"Mzee, sisi tukiisha wote, utakuwa mwenyekiti wa nani?"

Nilidhani atanizaba kofi. Akachukua koti.

Tulimkuta nesi darajani anaosha mikono. Mwenyekiti alianza kwa ukali, kwamba watu wa afya wanakuja kuwaharibia watu maisha. Nesi akamjibu taratibu kwamba mgambo si wake. Kazi yake ni kubisha hodi, na jioni anapeleka taarifa ofisini: Kijenge hakuna mgonjwa. Kwa hiyo dawa na dripu zinapelekwa kwingine.

 Mwenyekiti akauliza, "Kwa hiyo debe langu ndilo linalowaambia huku ni salama?"

 Nesi akasema atamwomba bwana afya mgambo wasiingie mtaani bila kupitia kwa mwenyekiti, ila hawezi kuahidi.

"Kaombe," mwenyekiti akasema. "Mimi naanza kufungua milango kabla hujajibiwa."

Tulimlaza mama kwenye mkokoteni, nikamfunika khanga ileile ya pipa. Sikutaka kumwangalia. Kwenye kona fundi viatu alikuwa ameshika debe, anasubiri amri. Mwenyekiti akamwambia agonge mpaka watu watoke. Akagonga. Wakazidi kujifungia, na makomeo tuliyasikia. Mwenyekiti akamnyang'anya debe, akaliweka kifuani kwa mama, na mama akatapikia humo mbele ya madirisha yote. Mwenyekiti akawa anapita mlango kwa mlango, anataja jina lake mwenyewe na kusema amekuja bila mgambo. Jirani wa maandazi akatoka wa kwanza, mtoto mgongoni, kichwa cha mtoto kinaning'inia.

Kwenye kambi ya wagonjwa wa kipindupindu walininyunyizia dawa kwenye viatu, wakanizuia kwenye kamba. Nikakaa chini, kila kitanda kilichotoka kimefunikwa nikitafuta rangi ya khanga yetu. Mchana bwana afya akafika na gari lenye mgambo nyuma. Akauliza mwenyekiti wa Kijenge ni yupi. Mzee akasimama. Waliongea kidogo, kisha bwana afya akawaambia mgambo wabaki kwenye gari, wakaondoka wawili kwa miguu kuelekea mtaani, nesi nyuma yao.

Jioni ile mbege ambayo mama alishaipika upya tuliimwaga mimi na mwenyekiti. Kufuli halikupigwa.

Mama aliporudi kutoka kambini, hata kuketi hajaketi, akauliza pipa liko wapi.

"Bibi amefariki," nikamwambia.

Akanitukana mpaka jirani akatoka nje. Niliingia ndani, nikafunga mlango, nikalia.