Uso wa Mama Barabarani

Wateja walimwita dada huyo Vekta, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Kila aliyeingia dukani kwake na kapicha ka simu, akitaka kawe bango, alipewa somo la bure. "Hizi ni pikseli, kaka yangu. Vitone tupu. Ukivivuta vinakuwa miraba. Nikikuchorea kwa vekta ni mistari, itanue ijae ukuta mzima, haiharibiki." Wengine walielewa, wengine walitoka na maumivu ya kichwa.

Kisha mama yake, mwenye maradhi ya kusahau, akatoka kuanika nguo uani na asirudi. Walimtafuta hospitali, vituo vya polisi, hadi miguu ikawaka moto. Likabaki bango kubwa la barabarani.

Lakini mama hakupenda kupigwa picha maishani mwake. Iliyopatikana ni moja tu, ya arusi, yeye yuko nyuma kabisa, uso mdogo kama ukucha. Vekta akaivuta kwenye kompyuta. Macho yakawa miraba ya kahawia, mdomo ukapotea.

"Iweke hivyo hivyo," kaka yake mkubwa akasema. "Si ndiye mama huyo?"

"Wewe unamjua, kaka. Mpita njia atajuaje?"

"Basi chora hayo mavekta yako, ila fanya haraka. Mwenzio roho iko mkononi."

Akachora. Paji la uso lilikubali, mashavu yakakubali. Pua ikagoma. Vitone havikumwambia kitu, akafumba macho aikumbuke, na haikuja. Uso aliouona tangu azaliwe! Akashindwa kujua hata kama pembe za mdomo zilipanda au zilishuka. Alilia kwa hasira, kisha akajikaza akachora hivyo hivyo, mkono ukienda unakojua wenyewe. Mikunjo aliipunguza, maana ilichafua mchoro.

"Mama mtupu!" kaka akasema. Mtu aliyebanwa na shida hana jicho la kukagua.

Bango likapandishwa njia panda, safi, halina doa. Simu haikulia. Vekta akashindwa kukaa, akaenda mwenyewe kuuliza watu. Karibu na bango alikaa mama muuza mboga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Yule mama akamtazama, akatazama juu, akamtazama tena. Akapiga makofi. "Ni wewe! Alhamdulillahi, umepatikana!"

"Mimi?"

"Si wewe huyo? Mimi kusoma sijui, lakini sura naijua."

Vekta akainua macho. Pua ilikuwa yake. Mdomo ulikuwa wake. Akashika meza ya mboga.

"Na mama yako je, umeshamwona?" muuza mboga akauliza. "Maskini, jana alisimama hapa akilia. Anasema huyu ni binti yangu, kapotea, na mimi nimekaa tu nyumbani. Nikampa maji, nikamwambia jikaze mama, mtafute, utampata."

"Akaenda wapi?"

Muuza mboga akanyoosha mkono kuelekea kulikokuwa na magari mengi.

"Kukutafuta," akasema.