Mkono Uliokosea Mlangoni mwa Msikiti

Mwanangu, ipo Ijumaa moja ambayo nikiikumbuka nacheka peke yangu, mpaka wajukuu wanaulizana kama babu yao ana homa. Kaa nikusimulie, maana na wewe ulilelewa kwa dini mbili kama mimi, sasa una mtoto, na nasikia unasema utarudi kusali ukishajiandaa vizuri.

Baba yangu alikuwa Mwislamu wa mtaa wa Buyenzi, fundi wa magari. Mama alitoka Gasenyi, Mkatoliki wa kwenda misa kila Jumapili, mvua inyeshe isinyeshe. Nikalelewa katikati. Idi nilikula pilau, Noeli nilikula tena, na nilipokuwa mtu mzima nikabaki na kula tu. Dini niliwaachia wenye kuitaka.

Kisha nikapata binti, Zuhura. Wahenga walisema mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Huyu wangu alinitazama miaka sita akaona sichakuri popote. Siku moja akaniuliza mbele ya majirani: "Papa, benzangu bote banasali. Siye tunasali wapi?"

"Sisi tunasali moyoni," nikajibu, nikajiona mwerevu.

"Mu roho yako? Na mi nitaingilia wapi?"

Majirani walicheka, nami nikacheka nao, lakini lile swali liliniuma. Mtoto wangu anataka mahali pa kusali, na mimi baba yake sina pa kumpeleka.

Nikamwendea mama kumwambia nafikiria msikiti, nikiogopa ataona ninamtupa. Yeye akafungua sanduku, akatoa kofia ya marehemu baba, imefuliwa na kupigwa pasi. "Endeni ku musikiti ya baba yako," akasema. "Mi niko na kanisa yangu, apana mugomvi. Ila usimupeleke mutoto, we ukabaki inje."

Ijumaa hiyo tukafika msikitini mapema. Nilitawadha polepole, nikiwatazama kwa jicho la wizi waliokuwa kando yangu, na Zuhura akiniiga mimi. Nikamaliza bila kosa. Nikaelekea mlangoni, mkono ungali umelowa. Sasa, mwanangu, utotoni mama alinipeleka kanisani Jumapili nyingi mno. Pale mlangoni unachovya vidole katika maji ya baraka, kisha unapiga ishara ya msalaba. Basi mkono haukuniuliza. Ukaenda kwenye paji la uso, ukashuka kifuani, bega la kushoto, bega la kulia.

Na Zuhura, mwanafunzi mwema, akapiga msalaba wake, mkubwa kuliko wangu, akamrushia maji mzee aliyekuwa nyuma yetu.

Ua mzima ukatugeukia. Niliona aibu ya kutaka ardhi inimeze. Nikainama kutafuta kandambili zangu nikimbie, nisirudi pale mpaka siku ya kubebwa. Moja niliipata. Ya pili ilikuwa chini ya mguu wa yule mzee aliyelowa, Mzee Sefu, rafiki wa baba. Aliikanyaga makusudi.

"Unaenda wapi?"

"Nimekosea, mzee."

"Nimeona. Iyo mukono, ni mama yako aliifundisha?"

"Ndiyo, mzee."

"Yule mama alikuwa anamutilia baba yako maji ya udhu kila asubui? Basi ilifundishwa na mutu wa heshima. Mukono itazoea pole pole. We ingiza miguu."

Wala hakuiachia kandambili mpaka nilipovuka kizingiti. Zuhura alinishika kanzu, akakaa karibu nami, akasujudu kabla ya imamu. Tuliporudi nikamsimulia mama. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge, kisha akalia kweli, kidogo tu, na mimi nikalia naye.

Kwa hiyo, mwanangu, usingoje kujua kila kitu ndipo urudi. Kuteleza si kuanguka. Mtoto wako anahitaji mtu wa kuingia naye tu. Makosa yako atayacheka akikua, kama Zuhura anavyonicheka mimi hadi leo mbele ya wanawe. Na aliyekulea kwa dini nyingine usimwonee haya, huenda ndiye aliyekutunzia kofia.

Mungu akukuzie mtoto, akupe moyo mwepesi na miguu isiyokimbia. Na siku mkono wako utakapokosea mlangoni, nakuombea awepo mzee wa kukukanyagia kandambili.